Kupachika mikwaju ya raga: jifunze kwa mguu wa Leigh Halfpenny

Tarehe 6 Julai 2013, mjini Sydney, fulubeki (mchezaji wa nyuma kabisa) wa Wales Leigh Halfpenny alipachika penalti tano na mikwaju mitatu ya nyongeza. Hizo ni alama 21 za mtu mmoja, na British and Irish Lions, timu ya pamoja ya England, Scotland, Wales na Ireland, waliilaza Australia 41-16. Katika mechi zote tatu za ziara ile dhidi ya Australia alikusanya alama 49, na hakuna Lion mwingine aliyewahi kufikisha idadi hiyo katika mfululizo mmoja wa mechi za test, yaani mechi rasmi dhidi ya timu ya taifa. Alipostaafu timu ya taifa mwaka 2023 alikuwa ameichezea Wales mara 101 na kuifungia alama 801. Wanaomzidi kwa alama za Wales ni wawili tu, Neil Jenkins na Stephen Jones.

Tumemchagua yeye kuwa kielelezo cha somo hili kwa sababu hakutegemea ukubwa wa mwili. Ana urefu wa mita 1.78, na alipokuwa kijana katika mfumo wa Ospreys, timu ya kulipwa ya Wales, aliachwa kwa madai kwamba umbo lake ni dogo mno kwa raga ya kulipwa. Cardiff Blues, timu nyingine ya Wales, wakamchukua, na Novemba 2008, akiwa na miaka 19, alicheza mechi yake ya kwanza ya Wales dhidi ya Afrika Kusini. Mguu wake ulijengwa kwenye uwanja wa Gorseinon, mji mdogo karibu na Swansea. Babu yake alimpeleka huko mara kwa mara na kumwokotea mipira huku kijana akipiga. Hilo la kuokotewa mipira ni la maana kuliko linavyosikika. Ukiwa na mpira mmoja na huna mwokotaji, saa nzima inaishia kwa mikwaju michache na kukimbia kwingi.

Hapa Afrika Mashariki wengi wameifahamu raga kupitia mchezo wa wachezaji saba, ambako mkwaju wa nyongeza hupigwa kwa kuudondosha mpira na kuupiga unapogusa ardhi. Tii, kikalio cha kusimamishia mpira, haitumiki kule. Raga ya wachezaji kumi na watano inataka ufundi mwingine, na ndio huu.

Vitu vya kuwa navyo

Mpira uwe saizi namba 5, wenye uzito wa gramu 410 hadi 460. Upepo wake uwe kati ya paundi 9.5 na 10 kwenye geji. Wengi hupuuza jambo hili, halafu wanashangaa kwa nini mkwaju uliofika vizuri Jumanne umeangukia njiani Jumamosi. Mpira uliolegea hunywea mguuni na kumeza nguvu zako; uliojazwa kupita kiasi huruka kwa kurusharusha na hausamehe kosa dogo la kugusa. Nunua pampu yenye geji na upime kila mara kabla ya mazoezi. Mipira mitano au sita ya aina moja inakutosha. Usichanganye mpya na iliyochakaa, maana uliochakaa umeisha vipele vya juu na huteleza kwenye kiatu.

Tii, yaani kile kikalio cha plastiki kinachosimamisha mpira, huja fupi na ndefu. Ndefu humsaidia anayeanza kuuinua mpira. Fupi humpa mtu aliyekomaa nguvu zaidi ya kuusukuma mbele. Chagua moja, kaa nayo msimu mzima, na uibebe mwenyewe kwenye begi lako. Zamani walitumia mchanga. Neil Jenkins, yule wa Pontypridd aliyekuwa mtu wa kwanza duniani kuvuka alama 1,000 katika raga ya kimataifa na ambaye baadaye alikuwa mwalimu wa upigaji wa Wales, alipiga mikwaju yake mingi juu ya kichuguu cha mchanga ulioletwa kwa ndoo. Mchanga bado unafaa kama huna tii, ila kila kichuguu lazima kiwe na kimo kilekile.

Viatu ndivyo vinavyowaponza watu. Sheria inaruhusu njumu zisizozidi milimita 21. Uwanja ukiwa mkavu na mgumu, njumu fupi za plastiki zilizoshikana na soli zinatosha. Uwanja ukiwa laini au una umande, vaa njumu ndefu za chuma za kufunga kwa kuzungusha, hasa kwenye mguu wa kusimamia. Kumbuka Brisbane, Juni 2013. Australia walikuwa nyuma 23-21, penalti ya mwisho, Kurtley Beale akakimbilia mpira akiwa amevaa viatu vya njumu zilizoshikana na soli. Mguu wa kusimamia ukateleza, akaenda chini, na mpira haukufika popote. Mechi ikaishia pale.

Ujue mlango unaoulenga

Milingoti imeachana mita 5.6. Mtambaapanya uko mita 3 juu ya ardhi. Mpira upite juu yake na katikati ya milingoti. Juu hauna kikomo, kwa hiyo mpira uliopita juu kuliko ncha za milingoti bado ni halali ukiwa ndani ya mstari wake. Penalti ina alama 3, mkwaju wa nyongeza baada ya mguso (mpira kuwekwa chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani) una alama 2.

Penalti hupigwa kutoka pale refa alipoonyesha, au nyuma yake kwa mstari ulionyooka. Mkwaju wa nyongeza una uhuru zaidi: unarudi nyuma kadiri upendavyo, mradi ubaki kwenye mstari wa pale mguso ulipofungwa. Hapo hesabu kidogo inasaidia. Mlango unaonekana mpana zaidi ukirudi nyuma umbali unaokaribia ule uliopo kati yako na katikati ya milingoti kwa upande. Mguso ukifungwa mita 15 pembeni, rudi mita 15. Ukibaki mita 8 kwa kudhani karibu ndiko rahisi, umejipunguzia mlango kwa takriban moja ya sita, na tena una muda mfupi zaidi wa kuuinua mpira.

Kanuni hiyo inaishiwa nguvu ukingoni kabisa. Kutoka kwenye mstari wa pembeni, mita 35 kutoka katikati, kurudi mita 35 kunaufanya mkwaju uwe wa karibu mita 50. Ukirudi mita 22 tu, umbali ni kama mita 41, na mlango umepungua kidogo mno kiasi kwamba haifai kuongeza mita nane au tisa kwa ajili yake. Ndiyo sababu wapigaji wengi wa kulipwa huweka mpira karibu na mstari wa mita 22 wakiwa pembeni kabisa. Maelezo yote ya hapa ni ya mguu wa kulia. Anayetumia wa kushoto ageuze pande.

Kuusimamisha mpira

Tafuta mshono mmoja na uuelekeze katikati ya milingoti kama mtutu. Kitundu cha kujazia upepo kikae mbali na mahali mguu utakapogusa. Simamisha mpira wima, kisha uinamishe kidogo tu kuelekea milingoti. Ukiulaza sana mbele, utatoka chini chini. Ukiuegemeza sana kwako, utapanda juu na kuishia karibu. Kipimo chako kikiwa kizuri, usikibadilishe kwa sababu umemwona mtu kwenye runinga akiweka tofauti.

Sasa chuchumaa nyuma ya mpira na utazame kwa mstari wa mshono. Chagua kitu nyuma ya milingoti: taa, herufi kwenye bango, tawi la mti. Kulenga "katikati" ni kulenga hewa, na jicho halishiki hewa. Ukishakichagua, kila kitu kingine kinafuata mstari huo.

Hatua za kurudi na kukimbilia

Simama na mguu wako wa kusimamia pale utakapokuwa wakati wa kupiga. Rudi nyuma hatua tatu au nne kwa mstari ulionyooka, halafu hatua mbili kushoto. Hapo utakuwa umeukabili mpira kwa pembe, si kwa nyuma yake moja kwa moja. Idadi kamili ya hatua ni yako, ila iwe ileile kwa mkwaju wa mita 15 na wa mita 45. Mtu anayeongeza hatua mbili kwa sababu mkwaju ni wa mbali anajipotezea kipimo, na mguu wa kusimamia unatua pasipo pake.

Ukiwa umesimama, vuta pumzi ndefu, itoe polepole, legeza mabega. Tazama mpira, tazama alama uliyoichagua, rudisha macho kwenye mpira. Kuanzia hapo macho yasiondoke.

Anza polepole. Hatua ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayoifungua nyonga. Mguu wa kusimamia utue kando ya mpira, upana wa wayo mmoja hivi kutoka kwenye tii, vidole vikiwa sambamba na mpira au nyuma yake kidogo, vikielekea kwenye alama. Goti lilegee kidogo. Mkono wa kushoto ufunguke upande. Ndio unaoshika mizani wakati mguu wa kulia unapita.

Kugusa mpira

Gawanya mpira kwa macho katika mafungu matatu kutoka chini kwenda juu. Pale fungu la chini linapokutana na la kati, kwenye mstari wa mshono, ndipo pa kupiga. Gusa kwa mfupa mgumu wa juu ya wayo, upande wa ndani kidogo, pale kamba za kiatu zinapoanzia. Vidole viwe vimenyooshwa chini na kifundo kimekazwa kama mbao. Kifundo kikilegea, nguvu inaishia kwenye kiungo badala ya mpira, na kesho yake kinauma.

Baada ya kugusa usisimamishe mguu. Usukume mbele kuelekea alama, kifua kikibaki juu ya mpira, na uruke kidogo mbele kwa mguu wa kusimamia. Ukimaliza ukiwa umetua hatua moja mbele ya tii, umeupiga kwa mwili wote. Ukimaliza umezunguka na mgongo umeelekea milingoti, umeuzungushia mguu. Kichwa kibaki chini mpaka umesikia mlio wa kiatu. Hamu ya kutazama mpira unakokwenda inainua kichwa, kichwa kinainua bega, na mguso unahama sentimita moja. Sentimita moja kwenye mpira ni mita kadhaa milingotini.

Mpira uliopigwa sawasawa hubinuka kichwa-miguu, kichwa-miguu, bila kuyumba. Tazama mzunguko kabla ya kutazama kama umeingia. Mkwaju ulioingia ukiwa unazunguka pembeni ni bahati.

Mpira ukikataa

Unakwenda kushoto. Hili ndilo la kawaida kwa mguu wa kulia. Mara nyingi nyonga imegeuka mapema, au mguu wa kusimamia umetua karibu mno na mpira ukakosa nafasi ya kupita. Tua mbali kidogo, na usukume paja lako mbele, lisikatize mbele ya tumbo.

Unakwenda kulia. Mguu wa kusimamia uko mbali mno, mwili umelalia upande, nawe unaufikia mpira kwa kujinyoosha. Au umeogopa kupeleka kosa la kushoto na ukafungua wayo. Rudia hatua zako kwa kipimo.

Unatoka chini na kugonga mtambaapanya. Umeupiga juu ya fungu lake, au kifua kimeuinamia mno. Punguza kasi ya kukimbilia kwanza kabla ya kugusa chochote kingine.

Unapaa sana na kuishia karibu. Vidole vimeingia chini ya mpira, au mguu wa kusimamia umetua nyuma mno.

Unazunguka kama pia. Umegusa pembeni mwa mshono. Karibu kila mara kosa liko kwenye hatua ya mwisho, si kwenye mguu unaopiga, kwa hiyo mwambie mwenzako akupige video kutoka nyuma na utazame mguu wa kusimamia.

Rekebisha kosa moja kwa siku. Anayebadilisha mambo matatu kwa wakati mmoja hajui lipi limemponya.

Umbali wako ni upi?

Hapa pana somo zito kutoka kwa Halfpenny mwenyewe. Oktoba 2011, nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Auckland, Wales walikuwa wachezaji 14 baada ya nahodha wao Sam Warburton kupewa kadi nyekundu, wakiwa nyuma 9-8 dhidi ya Ufaransa. Zikiwa zimebaki dakika chache wakapata penalti ya karibu mita 50. Halfpenny akaipiga kwa mstari safi, na mpira ukadondoka chini kidogo tu ya mtambaapanya. Melbourne 2013 ilikuwa vilevile: Lions wakiwa nyuma 16-15, penalti ya mwisho karibu na mstari wa katikati, ikaishia njiani. Mikwaju yote miwili ilipungukiwa na umbali, ikapigwa mwisho wa mechi, miguu imechoka. Hatuoni kosa kwake kwa kujaribu. Timu haikuwa na njia bora. Lakini zinaonyesha kwamba umbali wa dakika ya 5 si umbali wa dakika ya 78.

Kwa hiyo pima mara mbili. Kwanza ukiwa umepumzika: anza mita 15 mbele ya milingoti, piga kumi, ukipachika nane rudi mita tatu, endelea mpaka ushindwe kupata nane. Andika umbali huo kwenye daftari. Siku nyingine fanya hivyo baada ya mazoezi ya timu, miguu ikiwa mizito. Tofauti inaweza kuwa mita tano au zaidi. Umbali wa pili ndio wa kumwambia nahodha kabla ya mechi, ili asikuulize mbele ya watazamaji. Wajipime vijana bila kumwangalia Paul Thorburn, ambaye mwaka 1986 pale Cardiff aliifunga Scotland kwa penalti ya mita 64.2. Huo ulikuwa mguu wa peke yake.

Kimo cha mahali nacho kina neno. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, kwa hiyo haiuzuii mpira sana. Pretoria mwaka 2009, Morné Steyn alipachika penalti ya zaidi ya mita 50 dakika ya mwisho na kuwaua Lions 28-25. Nairobi iko juu kuliko Pretoria. Aliyejipima Ngong Road akaenda kucheza Mombasa apunguze mita chache kwenye hesabu yake.

Upepo upime kwa kurusha nyasi chache, kisha tazama bendera za juu, maana upepo wa chini na wa juu hutofautiana, hasa kwenye uwanja wenye majukwaa marefu. Upepo ukikujia usoni usiongeze nguvu. Nguvu za ziada huvunja mzunguko wa mpira, nao huyumba zaidi. Piga kwa utulivu uleule na uhamishe alama tu ikiwa upepo unatoka ubavuni.

Wiki ya mpigaji

Siku tatu kwa wiki zinatosha, mikwaju 25 hadi 30 kila siku. Anza na mitano ya hatua moja tu, mita 10 mbele ya milingoti, bila kukimbia, ukisikiliza mlio wa mguso. Kisha simama kwenye mstari wa mita 22 na ulenge mlingoti mmoja, kulia halafu kushoto, mara tano kila mmoja. Ukilenga mita 5.6 unaridhika na kosa kubwa. Ukilenga mlingoti, kosa linajionyesha mara moja. Halafu piga mikwaju 10 kutoka sehemu tofauti, mmoja mmoja, kama mechini, bila kurudia uliokosa.

Malizia kwa uchovu. Kimbia mita 100 kwa kasi, chukua tii, na mwenzako aanze kuhesabu. Sheria inakupa sekunde 60 za kupiga penalti tangu uonyeshe nia ya kulenga goli, na ukishaonyesha huwezi kubadilisha mawazo. Fanya hivyo mara tano. Dublin 2012, Halfpenny alipachika penalti ya ushindi dhidi ya Ireland, 23-21, mechi ikiwa ukingoni. Hali ya pumzi ya wakati ule ndiyo unayoizoeza hapa.

Kuna tofauti moja ya sheria ya kuiweka kichwani. Kwenye penalti wapinzani husimama tuli, mikono imeshushwa. Kwenye mkwaju wa nyongeza wako nyuma ya mstari wao wa goli, na mara tu unapoanza kusogea wanaruhusiwa kukukimbilia. Mwaka 2023, robo fainali ya Kombe la Dunia, Cheslin Kolbe wa Afrika Kusini alimfikia Thomas Ramos wa Ufaransa na kuuzuia mkwaju wake. Mechi ikaisha 29-28 kwa Afrika Kusini. Kama una kawaida ya kutikisa mguu au kusogea kidogo kabla ya kukimbia, iondoe, au rudi nyuma mita nyingine tatu. Na tii ikiangusha mpira baada ya wewe kuanza kukimbia, usisimame kushangaa: unaruhusiwa kuupiga ulivyo au kuuokota na kuudondosha.

Mguu nao una kikomo. Kinena na msuli wa nyuma ya paja ndivyo vinavyoumia kwa kupiga kupita kiasi, na maumivu huanza kama ukakamavu mdogo asubuhi. Kimbia polepole dakika 10 kabla ya mkwaju wa kwanza, zungusha nyonga, bembeza mguu mbele na nyuma mara 15. Usipige wa mbali kabla ya kumaliza 10 ya karibu. Halfpenny alipoteza Kombe la Dunia la 2015 kwa goti lililoumia katika mechi ya maandalizi dhidi ya Italia, na mwaka 2021 goti likamwangusha tena mwanzoni kabisa mwa mechi na Canada.  Anayetoka kwenye jeraha aanzie karibu, mbele ya milingoti: wiki mbili za mikwaju ya hatua moja, 10 kwa siku, siku moja ndani siku moja nje, na asivuke mstari wa mita 22 mpaka aamke asubuhi mbili mfululizo bila kuhisi chochote kinenani.